Tafakari katika uchunguzi wa hisabati: niandike nini, na niiweke wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea diploma ya IB (International Baccalaureate) na nimemaliza rasimu ya uchunguzi wangu wa hisabati kuhusu kupoa kwa maji ya moto. Nilipima halijoto ya maji kwenye kikombe kilicho wazi kila baada ya dakika 10, kwa muda wa saa nzima, kisha nikatumia kanuni ya Newton ya kupoa ili nikadirie maji yatafika nyuzi 50 baada ya muda gani. Grafu imekaa vizuri sana. Mwalimu wangu amenirudishia rasimu na maneno mawili pembeni: "Tafakari zaidi." Mwishoni nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya tafakari: kwamba nimejifunza mengi, kwamba R² yangu (kipimo cha jinsi mstari unavyofuata data, ambacho kikomo chake ni 1) ni 0.998 na hivyo modeli inaelezea data kikamilifu, na kwamba huenda kulikuwa na makosa ya kibinadamu. Sielewi anataka nini. Niongeze aya ngapi? Vipimo vyangu nimeviambatisha.

Jibu: Marahaba. Usiongeze aya hata moja kabla hujaisoma upya hiyo uliyonayo, kwa sababu shida haiko kwenye urefu. Fanya jaribio hili: ichukue aya yako ya mwisho uiweke mwishoni mwa kazi ya mwenzako aliyechunguza jambo jingine kabisa, tuseme umbo la tao la daraja au uwezekano katika mchezo wa karata. Itakaa bila kubadilishwa neno. Yeye pia amejifunza mengi, na makosa ya kibinadamu yapo katika kila kipimo kilichowahi kupimwa. Maoni yanayoweza kuhamia kazi yoyote hayakutoka katika hisabati yako, na msahihishaji aliyezoea kusoma kazi nyingi huyatambua mara moja.

Tafakari ni pale ambapo hisabati yako mwenyewe imekulazimisha uamue jambo. Umeona kitu kwenye namba, ukajiuliza kinamaanisha nini, kisha ukabadilisha hatua inayofuata, au ukaamua kutoibadilisha na ukaeleza kwa nini. Kama hakuna uamuzi, wala shaka, wala swali lililozaliwa na namba hizo, basi ulichoandika ni maelezo. Maelezo yanahitajika, ila hayawezi kushika nafasi ya tafakari.

Mwongozo wa IB unaotumika tangu mitihani ya mwaka 2021 unaupa uchunguzi alama 20, nazo ni asilimia 20 ya matokeo yako ya mwisho ya somo. Tafakari peke yake ina alama 3. Anayeeleza tu matokeo aliyopata hubaki kwenye 1. Anayeyaunganisha matokeo na lengo lake, akasema alichojifunza, akataja mipaka ya kazi yake au akalinganisha njia mbili, hufika 2. Alama ya 3 hupewa tafakari yenye uhakiki wa kweli: ubora na udhaifu wa njia iliyotumika, matokeo yanaleta nini, jambo lingetazamwaje kwa upande mwingine, na hatua gani ingefuata. Tena tafakari hiyo iwe imeenea katika kazi nzima. Aya moja ya mwisho, hata ikiwa nzuri namna gani, ni vigumu ikufikishe hapo. Na usidharau alama hizo 3. Kwa uzoefu wangu, mwanafunzi anayetafakari vizuri huonyesha papo hapo kwamba anaielewa hisabati anayoitumia, na matumizi ya hisabati yana alama 6.

Sasa tuangalie kazi yako, maana una mgodi ambao hujaanza kuuchimba.

Vipimo ulivyoniletea ni nyuzi 90.0 mwanzoni, halafu 69.0, 56.5, 47.8, 41.6, 37.1, na 33.8 dakika ya 60. Halijoto ya chumba umeiweka nyuzi 24. Kanuni ya Newton inasema kasi ya kupoa inawiana na tofauti iliyopo kati ya halijoto ya maji na ya mazingira. Kwa hiyo ukitoa 24 kwenye kila kipimo, kisha ukachukua logi asilia (ln), nukta zako zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu wenye mteremko wa −k, ambapo k ni kiwango cha kupoa. Hivyo ndivyo ulivyofanya, ukapata k = 0.0314 kwa dakika na R² = 0.998. Hesabu ni sahihi, nimeirudia. Lakini ukaishia hapo, na hapo ndipo tafakari ilipaswa kuanza.

R² inakueleza ni sehemu gani ya mabadiliko ya data imefuatwa na mstari. Haikuelezi kama mstari ndio umbo sahihi. Data inayoshuka mfululizo bila kuyumba inaweza kukupa R² kubwa hata pale ambapo umbo lake limepinda. Njia ya kujua ni kutazama masalio, yaani kipimo toa utabiri, kwa kila nukta. Kwenye logi zako masalio ni haya kwa mpangilio: +0.051, −0.018, −0.029, −0.026, −0.013, +0.006, +0.030. Tazama alama za kujumlisha na kutoa. Moja iko juu, nne zinafuatana chini, mbili za mwisho zinarudi juu. Kama mstari ungekuwa ndio umbo sahihi, alama hizo zingechanganyika bila mpango. Zako zimejipanga, maana yake data imejikunja kidogo na mstari umepita katikati ya mkunjo huo. Modeli yako inasema maji yalianza na nyuzi 86.7, wakati kipimajoto kilisoma 90. Neno "kikamilifu" haliwezi kubaki.

Mwanafunzi mwingi akifika hapa huandika "modeli ina mapungufu" na kufunga daftari. Wewe endelea. Umeandika kwamba kipimajoto chako kinaweza kukosea kwa nyuzi 0.5. Kosa hilo lina uzito gani kwenye logi? Mwanzoni, tofauti na chumba ikiwa nyuzi 66, linaleta 0.5/66, yaani takriban 0.008. Mwishoni, tofauti ikiwa 9.8 tu, linaleta takriban 0.05. Kosa lile lile la kipimajoto limekuwa zito zaidi ya mara 6 kwa sababu tu umechukua logi. Kwa hiyo salio la mwisho, +0.030, linaweza kuwa kosa la kipimo na hutakiwi kujenga chochote juu yake. Salio la kwanza, +0.051, ni kubwa zaidi ya mara 6 ya kosa la kipimo mahali hapo. Hilo haliwezi kusukumiwa kipimajoto. Umeona jinsi "makosa ya kibinadamu" yalivyokuwa yanakuficha? Ulikuwa na namba ya kosa mkononi, na namba hiyo inatenganisha salio lenye maana na lisilo na maana.

Kisha jiulize: ni nini kinaweza kuukunja mstari namna hii? Mimi naona sababu mbili zinazofaa kupimwa. Ya kwanza, kikombe kilikuwa wazi. Maji yakiwa ya moto sana hupoteza joto jingi kwa kuvukiza, na kanuni ya Newton haina nafasi ya uvukizaji ndani yake. Ya pili, huenda 24 si namba sahihi. Hewa inayozunguka kikombe inaweza kuwa na joto kuliko mahali ulipotundika kipimajoto cha chumba. Sababu zote mbili zinatoa mkunjo wa upande uleule, kwa hiyo kuzitaja tu hakutoshi. Hisabati yako ina uwezo wa kuzitenganisha.

Tazama logi inashuka kiasi gani kila dakika 10. Ukitumia 24, inashuka 0.383, kisha 0.325, 0.312, 0.302, 0.295, 0.290. Inazidi kupungua, wakati ilipaswa kuwa ile ile kila mara. Sasa jaribu 26 badala ya 24: unapata 0.398, halafu 0.343, 0.336, 0.335, 0.340, 0.353. Hatua tano za mwisho sasa zinakaribiana, na kule kupanda kidogo mwishoni kumo ndani ya kosa la kipimajoto. Lakini hatua ya kwanza imekataa kunyooka. Kwa maneno mengine, kosa la nyuzi 2 kwenye halijoto ya chumba linaweza kueleza mkia wa data yako, lakini haliwezi kueleza dakika 10 za kwanza. Hapo kuna kitu kingine, na uvukizaji ndio ninaoushuku zaidi. Haujathibitishwa, lakini sasa unajua jaribio la kuufuata.

Ukishafika hapo, rudi kwenye lengo lako, kwa sababu mwanafunzi akishaona dosari huwa anaitangaza kama msiba. Ulitaka kujua maji yatafika nyuzi 50 lini. Modeli yako inasema dakika ya 28.0. Ukikadiria moja kwa moja kati ya kipimo cha dakika ya 20 na cha 30, unapata karibu 27.5. Tofauti haifiki dakika moja. Kwa swali ulilouliza, modeli yenye dosari imekupa jibu linalofaa. Ungeuliza kuhusu dakika tano za mwanzo, isingekufaa. Kusema wazi kwamba udhaifu una madhara kwa swali hili na hauna kwa lile ndiyo uhakiki anaoutafuta msahihishaji, na ni nadra kuukuta.

Ukiyaweka hayo kwa sauti yako, aya inaweza kuwa hivi:

"R² ya 0.998 ilinifanya niamini kwamba modeli imekamilika, lakini masalio yalipanga mkunjo: chanya, hasi nne, kisha chanya mbili. Salio la kwanza ni kubwa zaidi ya mara 6 ya kosa linaloweza kuletwa na kipimajoto, kwa hiyo sikuweza kulipuuza. Nilijaribu kubadilisha halijoto ya mazingira kutoka 24 hadi 26. Hatua za baadaye zilinyooka, lakini ya kwanza ilibaki juu (0.398 ikilinganishwa na takriban 0.34). Nimeamua kuendelea na modeli hii kwa kukadiria muda wa kufika nyuzi 50, ambako inatofautiana na vipimo kwa chini ya dakika moja, lakini sitaitumia kwa dakika 10 za mwanzo."

Aya hiyo huwezi kuipeleka kwenye kazi ya mtu mwingine. Ina namba zako, shaka yako na uamuzi wako. Na angalia kwamba haina neno "tafakari" popote. Naomba uiondoe ile sehemu yenye kichwa cha habari "Tafakari" kabisa. Kichwa hicho kinakudanganya kwamba kazi ya kufikiri imetengewa ukurasa wake, na kurasa nyingine ni za kuhesabu tu.

Wasomaji wengine wamewahi kuniuliza itakuwaje kama uchunguzi hauna data, ni hisabati tupu. Kanuni ni ile ile. Chukua tatizo la kuweka nukta kwenye mzingo wa duara, kuziunganisha zote kwa mistari, na kuhesabu duara limegawanyika vipande vingapi. Nukta 1 inatoa 1, halafu 2, 4, 8, 16. Kila mtu huandika 2 kwa kipeo cha n − 1, n ikiwa idadi ya nukta, kisha nukta 6 zinaleta 31. Anayeandika "dhana yangu haikuwa sahihi, nikatafuta fomula nyingine" ameripoti. Anayejiuliza kwa nini mpangilio ulifanana na kuzidisha kwa 2 hadi nukta ya tano ndipo ukaacha, ameanza kutafakari. Kuna na jambo zuri zaidi ndani yake: ukichora nukta 6 kwa umbali sawa unapata 30, kwa sababu mistari mitatu mirefu inakutana mahali pamoja katikati na kipande kimoja kinapotea. Mwanafunzi aliyepata 30 na mwenzake 31 wana nafasi ya kugundua sharti ambalo hawakujua wamelichukua, kwamba mistari mitatu isikutane kwenye nukta moja. Nafasi hiyo ya thamani wengi huifuta kwa kifutio na kuchora upya. Usifute. Andika ulichopata, kwa nini kilitofautiana, na sharti gani limetokea hapo. Baada ya hapo fomula yenyewe inaeleweka: kila nukta nne huzaa makutano moja ya ndani, kila nukta mbili huzaa mstari mmoja, ukijumlisha na kipande cha mwanzo. Kwa nukta 6 ni 15 + 15 + 1.

Sasa, utazipataje nafasi hizi wakati unaandika, badala ya kungoja mwalimu azionyeshe? Ushauri wangu mkubwa ni kuandika unachotarajia kabla ya kuhesabu. Sentensi moja tu kwenye daftari: "Natarajia k isibadilike." "Natarajia 32." Ukishapata jibu, linganisha. Tafakari huzaliwa kwenye pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata, na asiyeandika matarajio yake hujishawishi baadaye kwamba alijua tangu mwanzo. Na hata pale matarajio na jibu vinapolingana, uliza kama ungepata jibu hilo hilo kwa njia isiyo sahihi. R² yako ni mfano hai.

Mahali pa kuweka maoni ni pale uamuzi ulipofanyika: ulipochagua njia hii ukaacha ile, uliporahisisha jambo, jibu liliposhangaza, ulipobadilisha mwelekeo. Katika kazi yako nahesabu angalau sehemu tatu kabla ya hitimisho: ulipochagua nyuzi 24, ulipochukua logi badala ya kulinganisha mkunjo moja kwa moja, na ulipotazama grafu. Hapo pa logi umepita kimya, ilhali tumeona kwamba logi ilibadilisha uzito wa makosa yako. Sentensi mbili tatu zinatosha kila mahali. Usiweke maoni baada ya kila mlinganyo. Msomaji anachoka, na yale mazito yanapotea katikati ya mepesi.

Ukitaja udhaifu, utaje pamoja na ukubwa wake na upande unakolisukuma jibu. "Ningekuwa na vifaa bora ningepata matokeo bora" haina ukubwa wala upande. "Kama halijoto halisi ya mazingira ni 26, k inapanda kutoka takriban 0.030 hadi takriban 0.034 kwa hatua za baadaye" ina vyote viwili. Hivyo hivyo kwa "hatua inayofuata": usiandike kwamba ungepanua uchunguzi kwa vimiminika vingine kama hakuna kitu katika matokeo yako kinachokuelekeza huko. Matokeo yako yanaelekeza kwenye kikombe kilichofunikwa.

Kuhusu kutumia "mimi", tumia bila woga. "Nilichagua", "nilishuku", "niliamua" ni maneno ya lazima hapa, maana uamuzi lazima uwe na mwenyewe. Ila "nilifurahia sana" haikuongezei kitu kwenye tafakari. Hata kwenye kipengele cha ushiriki binafsi, chenye alama zake 3, furaha huonekana kwa ulichofanya na swali lako, si kwa kutangazwa.

Kurasa zisikutie hofu. Mwongozo unapendekeza kati ya 12 na 20, na rasimu yako ina kurasa mbili za hesabu ileile iliyorudiwa kwa kila nukta. Onyesha moja kamili, nyingine ziweke kwenye jedwali, nafasi utapata. Kumbuka pia kwamba mwalimu anaruhusiwa kukupa ushauri wa maandishi kwenye rasimu moja tu. Toleo utakalompa sasa ndilo la mwisho. Kwa hiyo kabla hujarudisha, kama una saa moja, pima tena maji yaliyoanza na nyuzi 90, safari hii ukiwa umefunika kikombe. Kama dhana ya uvukizaji ni sahihi, kushuka kwa dakika 10 za kwanza kutakaribia kule kwa hatua zinazofuata. Andika matarajio hayo kwenye daftari kabla hujamimina maji, na data za kikombe kilicho wazi usizitoe hata kama mpya zitapendeza zaidi.